"Just" ya Kiingereza si "tu" kila mahali

Mleta uzi ameuliza mambo matatu: kama "just" ndiyo "tu" yetu, kwa nini mhariri wake alimfutia sentensi ya "I don't just understand", na kwa nini mteja wa Johannesburg aliyeandika "I'll send it just now" alituma nyaraka jioni. Waliotangulia kujibu wamesema "just ni tu, imeisha hiyo". Haijaisha. Jibu hilo linafaa kwenye kazi moja ya neno hili, na zilizobaki ndizo zinazowaangusha watu kwenye usaili, kwenye barua pepe na kwenye tafsiri.

Usihangaike kukariri maana kumi za kamusi. Angalia "just" imegusa nini. Ikigusa tendo lililokwisha kufanyika, mara nyingi inazungumzia muda. Ikigusa kiasi au jina la kitu, inapunguza. Ikigusa maneno ya kulinganisha kama "like" na "as", au neno kama "right", inalenga shabaha. Ikigusa sifa kali kama "terrible", inakoleza. Na wakati mwingine haifanyi lolote kati ya hayo, imewekwa kulainisha maneno tu, kama sisi tunavyotia "kidogo" kwenye "naomba nikuulize kidogo".

Nianze na muda, maana hapo ndipo watu wanapovurunda zaidi. "I have just eaten" si "nimekula tu". Mswahili akisema "nimekula tu" tunaelewa chakula hakikuwa na maana, au hakuwa na njaa, au amekula bila kukaribishwa. Kiingereza hicho kinasema "nimetoka kula sasa hivi". "She has just left" ni "ametoka sasa hivi" au "katoka punde". "We had just sat down when the power went off" ni "ndiyo kwanza tumekaa, umeme ukakatika". Hii "ndiyo kwanza" watafsiri wengi wanaisahau, na ndiyo inayokaa vizuri kuliko zote. Ukiona Mwingereza ameongeza "only" mbele yake, "I've only just arrived", basi hapo ni "ndiyo kwanza nafika", pamoja na ule utetezi uliomo ndani yake: usinidai chochote, hata begi sijaliweka chini.

Kuhusu nyakati za kitenzi, Waingereza hupenda "I've just seen him", Wamarekani wengi husema "I just saw him". Zote ni sahihi, na mtu asikubabaishe kwamba ya pili ni kosa. Ila kama unafanya mtihani unaofuata Kiingereza cha Uingereza, tumia "have just" pamoja na umbo la tatu la kitenzi. Kinachoharibu ni kuchanganya zote mbili na kupata "I have just saw him". Hiyo haipo upande wowote wa bahari.

Kuna "just" nyingine ya muda ambayo tendo lenyewe bado. "I was just about to call you" ni "nilikuwa ndiyo nataka kukupigia". "I'm just leaving" ni "ndiyo natoka", mguu mmoja uko mlangoni. Hapa tujihadhari na mazoea yetu. Mtu anainuka kitini, anasema "nakuja" huku anaondoka, na sisi tunaelewa kwamba atarudi. Ukimwambia mgeni "I'm just coming" huku unampa mgongo, atabaki anashangaa, kwa kuwa kwake hiyo inamaanisha unamfuata alipo sasa hivi. Sema "I'll be right back".

Kosa jingine la kwetu, Wakenya na Waganda wanalo sana na Watanzania hatujasalimika, ni "I'm just from the bank" na hata "I'm just from eating". Tunaelewana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo kwenye mazungumzo ya mtaani sina ugomvi nayo. Kwenye maandishi ya kazi andika "I've just come from the bank" na "I've just eaten".

Sasa "just now". Kwa Mwingereza, "He was here just now" ni "alikuwa hapa sasa hivi", yaani dakika chache zilizopita. Anaweza pia kusema "I'm busy just now", akiwa na maana ya wakati huu huu. Waskoti hasa ndio mtindo wao. Kwa Mwafrika Kusini, "I'll do it just now" ni "nitafanya baadaye", na hiyo baadaye haina saa. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa jioni. Akitaka kusema ni muda mfupi ujao, husema "now now". Kwa hiyo mteja wako hakukudanganya, alisema alichomaanisha kwa Kiingereza cha kwao. Ukifanya kazi na watu wa kule, usiikubali "just now" kama ahadi ya muda. Uliza "By what time today?", upewe saa, uandike. Na tusiwacheke, maana "sasa hivi" yetu ni ile ile: "amefika sasa hivi" imeshapita, "naja sasa hivi" bado, na fundi akikuambia "sasa hivi" unajua mwenyewe.

Kuna pia "just" yenye maana mbili. Soma sentensi hii: "I just passed the exam." Ina maana mbili kamili. Ya kwanza, matokeo yametoka sasa hivi na nimefaulu. Ya pili, nimefaulu kwa tabu, alama moja tu ingepungua ningeanguka. Kwa mdomo, sauti na mazungumzo yaliyotangulia hutenganisha. Kwa maandishi, tenganisha mwenyewe. Ukitaka ya kwanza, andika "I've just passed the exam". Ukitaka ya pili, "I only just passed" au "I barely passed". Kwenye wasifu au barua ya maombi ya kazi hii si ya kuchezea, kwani msomaji akichukua maana ya pili umejishusha bila mtu kukuuliza.

Maana hiyo ya "kwa tabu" au "kwa kidogo" ndiyo iliyomo pia kwenye vipimo. "Just over 50 kilos" ni kilo 50 na ushee. "Just under 50 kilos" ni kilo 50 kasoro kidogo. "Just before noon" ni muda mfupi kabla ya saa sita mchana, na "just outside Arusha" ni nje kidogo ya Arusha. "Just about" ni kitu kingine tena: "I've just about finished" ni "nakaribia kumaliza", na "just about everyone came" ni "karibu watu wote walikuja". Anayetafsiri "just under" kuwa "chini tu ya" anaandika Kiswahili ambacho hakuna anayekisema.

Nije kwenye "tu" yenyewe. "It's just water" ni "ni maji tu". "I have just two children" ni "nina watoto wawili tu". Hapa "just" na "only" zinabadilishana, na ndiyo sababu watu wakadhani ni kitu kimoja siku zote. Ila kuna sehemu ambazo "only" haing'oki. Bango la mlangoni ni "Staff Only", huwezi kukuta "Staff Just". Hundi unaandika "Five hundred thousand shillings only", ukiweka "just" benki watakutazama mara mbili. "Juma pekee ndiye anayejua" ni "Only Juma knows". "Mtoto pekee" ni "an only child". Tofauti ni hii: "only" inafunga mlango, hakuna mwingine na hakuna zaidi. "Just" inapunguza uzito wa kitu, inasema ni kidogo au si jambo kubwa. Kwa hiyo mkataba, risiti, sheria na tangazo huenda na "only". Mazungumzo huenda na "just".

Mahali pa kuiweka ndipo Kiswahili kinapotuponza moja kwa moja. "Tu" yetu hukaa nyuma ya kitu inachokigusa: maji tu, wawili tu, naangalia tu. "Just" hukaa mbele. "I want water just" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Kanuni ya kazi ni nyepesi: kama kuna kitenzi kikuu peke yake, iweke mbele yake, "I just want water". Kama kuna kitenzi kisaidizi, iweke baada ya kisaidizi cha kwanza, "I have just finished", "She will just wait outside", "It has just been repaired". Kama kitenzi ni "am", "is" au "are" peke yake, iweke baada yake, "He is just a child". Ukianza sentensi kwa "Just I have finished" umeshapotea.

Kwenye kukanusha ndipo penye sentensi ya mleta uzi. Chukua jozi hii uitazame kwa karibu:

"I just don't understand."
"I don't just understand."

Ya kwanza, "just" iko nje ya ukanushaji na inaukoleza: sielewi kabisa, nimejaribu nimeshindwa. Ya pili, "not" imeikamata "just" yenyewe, kwa hiyo kinachokanushwa ni "tu", si kuelewa: sielewi tu, bali nafanya na zaidi ya hapo. Msomaji wa Kiingereza akifika kwenye nukta anabaki anasubiri kipande cha pili, kama vile "I don't just understand it, I teach it", yaani siishii kuielewa, naifundisha. Mhariri alikuwa sahihi kufuta. Wengi wetu tunaiandika hivyo kwa sababu kichwani tuna "sielewi tu", na kwa Kiswahili sentensi hiyo inabeba maana zote mbili bila shida. Sauti ndiyo inayoamua.

Jozi nyingine inayoleta hasara kazini ni "I can't just leave" na "I just can't leave". Ya kwanza ni "siwezi kuondoka hivi hivi", yaani kuna utaratibu, niage, nikabidhi. Ya pili ni "siwezi kabisa kuondoka". Ukimwandikia bosi ya pili huku unataka ya kwanza, umegeuza ombi la utaratibu kuwa kilio.

Sasa ile ya kulainisha. "I just wanted to ask whether the documents are ready." Ukiitoa "just", habari haibadiliki hata chembe, ila sauti inakuwa ngumu kidogo. Ni sawa na "nilikuwa naomba kuuliza kama nyaraka ziko tayari". "Could I just borrow your pen?" ni "naomba kalamu yako mara moja". "Just a minute, please" ni "subiri kidogo, tafadhali". Hii ni adabu halali, itumie. Shida ni dozi. Barua pepe yenye mistari mitano na "just" nne, "I'm just writing to just check if you just received...", inasomeka kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Kipimo changu ni "just" moja kwa barua nzima, nayo ikae kwenye ombi lenyewe.

Na kwenye usaili iache kabisa pale unapojieleza. "I'm just a teacher", "I just have two years' experience". Kwa Kiswahili "mimi ni mwalimu tu" ni unyenyekevu, na mwenzako anajua kwamba atakukatalia na kukupandisha. Kwa Kiingereza cha usaili hakuna atakayekupandisha, wanaandika ulichosema. "I'm a teacher. I have two years' experience." Inatosha.

Hapo tunaingia kwenye zile "tu" zetu ambazo hazina "just" kwa Kiingereza. Hili naona haligusiwi na wengi. Ukiulizwa "How are you?" ukajibu "I'm just okay" kwa kutafsiri "mzima tu", Mwingereza anasikia kwamba hauko sawa sana, labda kuna jambo. "I'm just there" kwa "nipo tu" hataielewa kabisa. Jibu "I'm fine, thanks" au "Not bad". Ukimkaribisha mgeni "karibu, kaa tu", usimwambie "Just sit". Amri yenye "just" mwanzoni, kwa mtu usiyemzoea, huonyesha umechoka naye: "Just sit down" ni "hebu kaa chini bwana". Mwambie "Please have a seat" au "Do sit down". "Njoo tu, wakati wowote" ni "Come any time". Kwa upande mwingine kuna inayolingana na yetu mpaka raha: "You just wait!" ni "we ngoja tu, utaniona", kwa kitisho kile kile.

Wenye maduka Stone Town na Arusha wanaijua hii: mtalii akisema "I'm just looking, thank you", anasema "naangalia tu, asante". Kwa adabu zake amekuambia hanunui kwa sasa na usimfuate nyuma. Mwache atazame, akitaka bei atauliza.

Maana ya "hasa" au "barabara" haina matatizo mengi. "Just right" ni sawasawa kabisa. "He's just like his father" ni baba yake mtupu. "That's just what I need" ni "hicho hasa ndicho ninachokihitaji", ingawa mtu aliyepasukiwa gurudumu mvua ikinyesha akisema hivyo, anakejeli. "Just as I arrived" ni "pale pale nilipofika". Angalia usichanganye na "just as well", ambayo mwanzoni mwa jibu ni "afadhali": "It's just as well you didn't come", afadhali hukuja.

Za kukoleza ni nyepesi pia. "The road is just terrible", barabara ni mbovu mno. "He's just lazy" ni "ni mvivu tu", kwa maana ya kwamba usitafute sababu nyingine. Kaulimbiu ya Nike, "Just Do It", iliyoanza 1988, iko karibu na hapo: wewe fanya, acha kusitasita. Halafu kuna "might just", ambayo watu huisoma kinyume. "It might just work" haisemi "itafanya kazi tu". Inasema uwezekano ni mdogo, lakini upo: "huenda ikakubali".

Vifungu vinavyofaa kuchukuliwa vizima vizima bila kuvichambua: "just in case" ni "kwa tahadhari" au "lisije likatokea jambo", "just in time" ni kuwahi dakika ya mwisho, "just kidding" ni "natania tu", "not just yet" ni "bado kidogo", "is it just me, or...?" ni "hivi ni mimi peke yangu, au...?". "Just because" ina mtego wake: "Just because he's rich doesn't mean he's right" ni "kuwa na hela hakumfanyi awe sahihi". Ukianza kuitafsiri kwa "kwa sababu tu", sentensi itakukwama katikati.

Anayetaka kujipima achukue hii: "I just sent him just 20,000, just in case." Ya kwanza ni muda, nimemtumia sasa hivi. Ya pili ni kiasi, elfu ishirini tu. Ya tatu ni kifungu, kwa tahadhari. Mtu makini angeandika "I've just sent him 20,000, just in case", kwa kuwa "just" tatu kwenye sentensi moja zinachosha sikio. Ukikwama kwenye sentensi yoyote, jaribu kuweka "only", kisha "exactly", kisha "a moment ago", kisha "barely", kisha "simply". Itakayokaa bila kuharibu habari ndiyo maana yake. Ikiwa hakuna inayokaa na ukiifuta hakuna kilichopungua, ni ya kulainisha, na kwenye Kiswahili mara nyingi unaiacha au unaweka "kidogo" au "hebu". "Just look at this" ni "hebu tazama hii".

Programu za kutafsiri nazo hukimbilia "tu" mara kwa mara, kwa hiyo ukizitumia pitia kila "tu" moja moja, hasa kwenye habari za mahakama na siasa. Kuna "just" ambayo si kielezi bali ni sifa: "a just society" ni jamii yenye haki, "a just war" ni vita vya haki, "a just decision" ni uamuzi wa haki. Asili ni moja, Kilatini "iustus" kilichopita kwenye Kifaransa cha zamani, ndiyo sababu "justice" ni haki. Mara nyingi utaijua kwa mpangilio wake: inaanza "a" au "the", inafuata "just", kisha jina. Kielezi chake ni "justly", kwa haki.

Matamshi nayo hutofautisha hizo mbili. Ile ya sifa kwa kawaida hutamkwa kamili, na irabu yake hailegei. Ile ya kielezi kwenye mazungumzo ya haraka hufifia: irabu inalegea, na "t" inamezwa ikifuatwa na konsonanti, kwa hiyo "just because" unasikia kama "jas-bikoz". Ikifuatwa na irabu, "t" inarudi na kushikana nayo, "just a minute" ikawa "jasta-minit". Sisi tuna tabia ya kuongeza "i" mwishoni, "jasti". Kama unasikiliza mtihani wa kusikiliza au redio ya nje na unaona "just" hazipo, zipo, unazitafuta kwa sauti ambayo wenyewe hawaitoi.